Ng'ombe wamevunja uzio na kula shamba la jirani: alipe mfugaji peke yake?

Mtoa Mada: Ng'ombe wametoka usiku, asubuhi wamekutwa kwenye mahindi ya watu. Mfugaji anasema uzio wake ulikuwa mzima. Je, alipe tu, au mwenye shamba naye alipaswa kujizungushia? Sheria ya Wanyama ya Uingereza ya 1971 humbebesha mwenye mifugo hasara hata kama hakuzembea. Kwenye maeneo ya malisho ya wazi magharibi mwa Marekani, mara nyingi ni kinyume chake: asiyetaka ng'ombe ndiye anayezungushia. Mnasemaje?

Mwenye Shamba: Alipe mfugaji, basi. "Uzio mzima" ni maneno ya mdomoni. Nenda ukautazame: nyuzi tatu za seng'enge zimelegea, nguzo zimeoza pale zinapoingia ardhini. Ng'ombe haanzi kwa kuruka. Anaingiza kichwa kati ya nyuzi kufuata majani ya ng'ambo, leo shingo, kesho bega, na misumari inalegea taratibu. Ukiona manyoya mapya yamenasa kwenye miiba, ujue watatokea hapo hapo. Dalili zote hizo zipo wiki nzima kabla, mwenyewe hapiti kuangalia.

Fundi Waya: Mmeanza na nyuzi, ila ugonjwa mara nyingi uko kwenye kona. Nguzo ya kona ikiinama kidogo tu, upande wote unalegea. Izamishwe mita moja, isaidiwe na nguzo ya pili kama mita mbili na nusu mbele yake, gongo la mlalo karibu na vichwa vya nguzo hizo mbili, kisha waya wa mshazari kutoka chini ya nguzo ya kona hadi juu ya ile ya pili. Ukiufunga kinyume haushikilii kitu. Misumari ya U nayo isipigiliwe ikabana waya; waya uweze kuteleza, la sivyo ukisukumwa unakatika hapo.

Wenye uzio wa umeme ndio wanaonichosha. Wananunua mashine kubwa ya kutoa umeme, halafu kwa ajili ya "earth", yaani kuiunganisha mashine na ardhi, wanazamisha kipande kimoja cha nondo yenye kutu. Ziwe fimbo tatu zilizopakwa zinki, kila moja karibu mita mbili, ziachane mita tatu. Kiangazi udongo ukikauka mshtuko unapungua, na ng'ombe anagundua kabla yako. Majani marefu yakigusa waya, vivyo hivyo. Ukipima mwisho wa laini ukakuta chini ya volti 3,000, huo ni kamba ya kuanikia nguo. Na seng'enge isipitishwe umeme kamwe: aliyenaswa kwenye miiba hatoki, na huku anaendelea kupigwa. Kwa hiyo mimi nauliza swali moja: mara ya mwisho ulipima lini? Asiye na jibu alipe.

Mfugaji: Na mti ukiangukia uzio usiku? Mbwa wakifukuza kundi? Fahali akinusa jike aliye kwenye joto ng'ambo, hata uzio mzuri anaujaribu. Halafu kuna anayepanda mahindi mpaka yanagusa waya wangu. Aache njia ya mita tatu mpakani, na uzio wa mpaka tugawane gharama. Hapo nitalipa bila kelele.

Daktari wa Mifugo: Kabla ya kugombana, watoeni vizuri. Msiwakimbize kwa kelele, watakanyaga mara mbili ya walichokula. Mmoja atangulie na ndoo ya chakula waliyoizoea, wengine wafuate pembeni na nyuma kwa mbali. Walioingia kwenye mtama mchanga au uliochipua baada ya kukatwa waondolewe mara moja: una sumu inayoua haraka. Ubavu wa kushoto ukivimba, tafuteni mtaalamu hapo hapo.

Mwenye Shamba: Sawa, ila kwanza nipige picha nyayo na mistari iliyoliwa. Nikiwazuia, nawapa maji na majani na kumjulisha mwenyewe. Uingereza ukipita saa 48 bila kutoa taarifa, haki ya kuwashikilia inakwisha. Mita tatu za ardhi yangu, hapana. Ajenge yeye ndani ya eneo lake.

Fundi Waya: Hakuna aliyetaja geti. Pini zote mbili za bawaba zikielekea juu, ng'ombe huliinua geti kwa kichwa na kuling'oa. Ya juu igeuzwe ielekee chini.