Kupe kuwa sugu kwa dawa: je, hayo ndiyo mageuko ya viumbe?

Mfugaji, Kongwa: Wakuu, habari za leo. Dawa ninayoogeshea ng'ombe ilikuwa ikiwaangusha kupe, lakini sasa wanabaki wazima masikioni na chini ya mkia. Afisa mifugo anasema hayo ni mageuko ya viumbe. Je, kupe huizoea dawa?

Mwalimu wa Baiolojia, Dodoma mjini: Ndugu mfugaji, hakuna kupe anayeizoea. Ndani ya kundi wamo wachache waliozaliwa na tofauti ya kurithi inayowawezesha kuihimili dawa. Wenzao wanapokufa, hao ndio wanaobaki kuzaana, na kwa kuwa jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu, baada ya vizazi kadhaa wengi hufanana nao. Hayo ndiyo mageuko kwa njia ya uteuzi wa asili, ambao mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliueleza mwaka 1859, ingawa hakujua habari za jeni, yaani vinasaba vinavyobeba sifa za kurithi.

Mdau, Chamwino: Ndivyo vimelea vya malaria vilivyoishinda dawa ya klorokwini, hata Tanzania ikaiacha mwaka 2001 na kuhamia SP (sulfadoksini-pirimethamini), kisha dawa mseto mwaka 2006.

Mwalimu wa Baiolojia: Naam. Usipunguze kipimo, maana kupe wenye uhimili wa wastani hupona. Omba dawa ya kundi tofauti la kemikali, si jina jipya la dukani tu.