Tupeane uzoefu: mliofuma mapambo ya kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) na bustanini, yalistahimili kaskazi, msimu wa jua kali?

Mwanakiwanda (Lamu)

Assalaam aleikum wapendwa. Nakaa Mkomani, nyumba ya mawe, na kiwanda chetu hakizidi hatua 7 kwa 5. Kuna asmini moja kwenye pipa, mrehani kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, mshubiri usiokufa hata usipotiwa maji, na kuta za chokaa ambazo ikifika Januari saa sita mchana zamulika mpaka macho yauma. Rangi hakuna. Mwaka jana nikaona picha za bustani za Uingereza wakati wa kiangazi chao: vibendera vya kufuma kutoka mti hadi mti, vyungu vilivyovishwa, mito ya rangi juu ya mabenchi. Nikasema nami naweza.

Nikafuma vibendera 24 vya pembetatu kwa uzi wa pamba na sindano ya milimita 3.5. Novemba nzima iliishia hapo. Siku ya kuvitundika majirani walikuja kutazama, nikajiona. Kufikia Machi nyekundu ilikuwa imegeuka rangi ya dawa ya kikohozi ya watoto, na buluu ilikuwa haijui yenyewe ni rangi gani. Mvua za Aprili zikaongeza vitone vyeusi vya ukungu. La kuudhi zaidi, kamba nzima ilivutika ikashuka hadi usawa wa uso wa mume wangu, basi kila akitoka kutawadha alfajiri vile vibendera vibichi vyamfuta uso. Hakusema kitu kwa siku tatu. Ya nne akaleta mkasi.

Kaskazi nyingine ndiyo hiyo yaja. Waliowahi kufuma vitu vya kukaa nje, mlitumia uzi gani, na ulidumu muda gani? Naomba mliyoyafanya kwa mikono yenu. Picha za mtandaoni nimeshazitazama za kutosha.

Uzi Mwembamba (Malindi)

Waaleikum salaam dada. Mikono yako haina kosa. Kosa ni la pamba.

Nauza nyuzi hapa Malindi, na kila Desemba nawaambia wateja neno hilohilo. Pamba hunywa maji. Ikinywa huwa nzito, ikiwa nzito huvutika, na isipokauka upesi ukungu huhamia. Akriliki hainywi maji mengi, haiozi, na rangi yake hustahimili jua vizuri zaidi. Nilifuma maua mawili ya mfano mmoja, la pamba na la akriliki, nikayafunga uani kwenye waya mmoja. La pamba nililitupa baada ya kaskazi moja. La akriliki lipo hadi leo, limefifia kama leso iliyofuliwa mara nyingi, lakini anayepita bado anajua ni jekundu.

Ila sharti uwe na uhakika kwamba ni akriliki kweli. Niliwahi kuletewa mzigo wenye karatasi inayosema akriliki, kumbe nusu yake ni mchanganyiko. Siku hizi nakata kipande kidogo cha uzi, nakishika kwa koleo juu ya sinia, nakichoma. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake ni laini. Akriliki huyeyuka ikaacha kitone cheusi kigumu. Mwenye duka akikukatalia kipande cha kuchoma, nenda duka jingine.

Na usiipige pasi! Akriliki ikipata joto hulegea moja kwa moja, hairudi. Nilipoteza mto mzima wa baraza kwa njia hiyo, wiki mbili za kazi kwa dakika moja ya pasi.

Jirani wa Langoni

Samahani kina mama, nauliza tu. Haya si mambo ya kizungu? Sisi mapambo yetu ni asmini na mlango wa nakshi, basi.

Mwanakiwanda (Lamu)

Kaka, nyumbani kwenu juu ya makochi mmetandika nini?

Jirani wa Langoni

Vitambaa vya kufuma. Sawa, nimekoma.

Shanga Saba (Shela)

Nimecheka peke yangu. Tena hapo ndipo penye jambo langu. Mama zetu wamefuma vitambaa vya kufunikia majagi miaka na miaka, vile vya duara vyenye shanga pembeni. Mimi sikubuni kitu, nilikitoa tu kile kitambaa jikoni nikakipeleka juu ya dari, ambako tunakaa jioni na wageni. Upepo wa Shela mnaujua. Karatasi inaruka, kifuniko cha plastiki kinaruka, nzi wanabaki.

Cha kukumbuka ni kwamba shanga hutungwa kwenye uzi kabla ya kuanza kufuma. Ukizisahau utalazimika kuzishona moja moja mwishoni, na zitapukutika. Naanza na mnyororo wa vitanzi 6, naufunga uwe duara, nazunguka hadi upana wa kiganja changu kilichokunjuliwa, kisha mzunguko wa mwisho natoa ncha 12, kila ncha natelezesha shanga tatu. Nilianza na shanga moja kwa kila ncha, upepo ukakichukua kitambaa hadi kwa jirani. Shanga za kioo ni nzito kuliko za plastiki, na hazichujuki.

Hapa natumia pamba, Uzi Mwembamba asinikasirikie. Kitambaa cha jagi kinafuliwa kila siku ya pili na kinalala ndani. Pamba iliyolala ndani haina shida.

Sasa ninavyo vya rangi tisa. Nikitandika mkeka na kuweka majagi ya juisi ya ukwaju na ya maembe, pale juu hakuhitaji pambo jingine.

Mzee wa Nyavu (Kipungani)

Mimi mvuvi. Kufuma sijui, ila nyavu nimeshona tangu utoto, na mke wangu ndiye mwenye sindano. Alitaka wavu wa kupandishia mkarakara ukutani, nikampa uzi wa nailoni uliobaki. Akafuma wavu mzuri wa matundu makubwa, mkono mzima unapita. Nikamwambia nailoni haipendi jua. Sisi wavuvi twajua, wavu ukiachwa juani siku nyingi wakatika kwa vidole, ndiyo maana twauanika kivulini. Hakusikia, kwa sababu mimi ndiye niliyempa uzi.

Kaskazi ya pili mkarakara ulikuwa na matunda. Usiku mmoja tukasikia kitu kimeporomoka. Mti wote chini, na wavu umekatika sehemu mbaya kabisa, pale juu palipokuwa hapana majani ya kuukinga. Chini, kwenye kivuli cha majani, uzi ulikuwa mzima.

Sasa ametumia kamba nyembamba ya poliesta. Yaendelea vizuri, lakini ni kaskazi moja tu. Niulizeni mwakani.

Shambani (Malindi)

Yangu ni aibu kidogo. Huko Marekani kuna watu wanaovisha miti na nguzo nguo za kufuma. Magda Sayeg wa Houston, Texas, alianza mwaka 2005 kwa kuuvisha mpini wa mlango wa duka lake, na mtindo ukasambaa miji mingi. Niliposoma habari hiyo nikatazama minazi yangu minne mbele ya nyumba, mirefu, ya kijivu, nikasema hii inahitaji nguo.

Nilifuma mistari ya njano, chungwa na kijani, upana wa mzingo wa mnazi, kimo kutoka magotini hadi juu ya kichwa changu. Nikaishona kwa nyuma. Mnazi ukawa kama bwana harusi. Watoto wa shule walikuwa wanasimama.

Wiki ya tatu akaja mkwezi wetu, mzee aliyekwea minazi ile tangu enzi za baba yangu. Akaweka shoka chini, akauzunguka mnazi mara mbili. "Mama, vidato viko wapi?" Nilikuwa nimevifunika vidato vyake vyote vya chini, yale mapengo ya kukanyagia yaliyochongwa kwenye mti. Nikamwambia apapase kwa mguu. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Akakwea mitatu mingine, huo mmoja akauacha na nazi zake, na siku ile nilimlipa ya minne.

Nilipoifumua ile nguo nikakuta mchwa wameshajenga njia yao ya udongo chini yake, kuanzia ardhini. Walipata kivuli na unyevu bure. Tangu hapo sivishi kitu kinachogusa ardhi. Nguo ile niliikata ikawa ya vyungu vya barazani, na kila chungu nimekitia chungu cha plastiki ndani, ili maji yasipite kwenye uzi.

Fundi wa Kofia (Lamu)

Nimependa ya mkwezi. Mimi mwanamume nashona kofia, na hapa kwetu mwanamume mwenye sindano barazani hashangazi mtu. Dada yangu ndiye wa kroshia. Alitaka kufuma mkeka mdogo wa mlangoni kwa fulana za mitumba. Unakata kwa mzunguko kuanzia chini kwenda juu, utepe mmoja mrefu usiokatika, kisha unauvuta ili ujikunje wenyewe uwe kama kamba. Shida ilikuwa sindano, maana utepe ule unataka nene kama kidole, na madukani hakuipata. Nikaenda kwa rafiki yangu mchonga milango, nikaomba kipande cha mbambakofi kilichobaki. Alichonga kulabu kwa nusu saa, akaisugua kwa msasa na mafuta ya nazi. Mwaka wa nne huu. Imeng'aa kwa mikono.

Mkeka wenyewe ni mzito ukilowa, na unachukua siku mbili kukauka. Uwekwe chini ya daka tu, ile baraza ya mlangoni yenye paa.

Mifuko ya Zamani (Malindi)

Mnakumbuka tulivyokuwa tukikata mifuko ya plastiki vipande vyembamba tukafuma? Nilikuwa na mkusanyiko wa rangi zote hadi mifuko ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Sijuti marufuku, pwani ilikuwa imejaa takataka. Ila niliweka mikeka miwili, mmoja sebuleni na mmoja bustanini chini ya mwarobaini. Wa sebuleni mzima. Wa bustanini siku moja niliukunja ukapasuka kama biskuti, vipande vidogo vikaingia kwenye majani, nikaokota kwa wiki nzima. Msirudie.

Shanga Saba (Shela)

Na taa jamani, msisahau taa. Nilivisha chupa za jamu nguo za kufuma, ndani nikaweka mishumaa. Zilipendeza kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Mshumaa ukalala, akriliki ikayeyuka ikagandana na kioo, harufu ikafika mpaka kwa majirani. Sasa natia taa ndogo za sola. Mwanga ukipita kwenye matundu, ukuta unachorwa nyota.

Mwanakiwanda (Lamu)

Nimerudi. Nimenunua akriliki madonge 6 na kuyachoma yote (kipande kipande, msiogope). Vibendera safari hii ni 14 tu. Nimevifuma kwenye kamba ya poliesta badala ya kuvining'iniza kwenye mnyororo wa uzi, na kamba haijashuka hata kidole. Mume wangu kaipima kwa kichwa chake mwenyewe.

Vitatu niliviweka nje, juu ya daka, ili na wapita njia waone. Siku ya pili punda aliyebeba mchanga alipita karibu na ukuta, mfuko ukanasa kamba, akaondoka na vibendera vyangu. Mwenye punda alinirudishia viwili jioni. Cha tatu, cha njano, anasema punda amekipenda, kakifunga kwenye tandiko lake.

Na kile kikapu cha kuning'inizia nilichokifuma kwa ajili ya mrehani, paka amezaa humo. Watoto wanne. Kuna mwenye uzoefu wa kumhamisha paka?