Nagombana na kaka kuhusu kihamba cha marehemu baba. Nifanyeje anielewe?

Binti_wa_Migombani
Wadau, naombeni ushauri. Baba alifariki mwaka jana, akaacha kihamba, yaani shamba letu la ukoo, huko Marangu: nyumba, migomba, kahawa kidogo, na makaburi ya babu na bibi. Mama yuko pale peke yake. Kaka anataka tuuze, mimi sitaki. Kila tukipigiana simu, mmoja anakata. Juzi nimemwambia haheshimu marehemu. Akanijibu mimi naenda Krismasi tu, nakula ndizi, naondoka. Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Kibo_Asili
Kihamba hakiuzwi. Makaburi unamwachia nani?

Mzee_wa_Kijiweni
Pole binti yangu. Umetuambia kaka anataka nini, hujatuambia kwa nini. Mwulize: "Kitu gani kikitengemaa, utaacha kutaka kuuza?" Halafu nyamaza, usimkatize. Nawe jiulize hivyohivyo: nini kikitokea, utakubali kiuzwe?

Mama_Wawili
Mzee kasema kweli. Mimi na mume wangu tulibishana mwaka mzima kuhusu gari. Siku moja nikamwuliza, "Tungepewa bure je?" Akasema angelichukua siku hiyohiyo. Kumbe aliogopa mkopo, gari alilitaka kuliko mimi!

Mpenda_Haki
Msimamizi wa mirathi ni nani? Hata akiwa kaka, hiyo haimfanyi mwenye mali. Kwa mirathi ya mahakama ya mwanzo, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe anatakiwa kupeleka Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni. Fuatilieni. Ila fomu haitawapatanisha.

Binti_wa_Migombani
Nimerudi. Jana usiku nimemwuliza kaka kama Mzee alivyosema. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniambia mwezi wa tatu mama aliteleza mferejini akitoka kukata majani ya ng'ombe, akabaki pale chini hadi jirani alipopita jioni. Mama alimkataza asiniambie. Anataka kuuza ili amjengee chumba kwake Moshi mjini.

Nikamwambia hata mimi, makaburi ni nusu tu ya sababu yangu. Mama aliniapia hahami pale. Kaka akashtuka: yeye kaambiwa na mama kwamba yuko tayari kuhama hata kesho.

Miezi yote hii tumebishana mama anataka nini, na hatujawahi kumwuliza tukiwa wote wawili mbele yake. Jumamosi napanda basi, kaka atanipokea stendi.

Mzee_wa_Kijiweni
Mkifika, mwacheni mama aanze kusema.