Mjadala: Barabara za Kigoma na Tabora, watu wa mambo ya kale wapite kwanza au katapila lipite?

Mleta mada, Kigoma Mjini

Wakuu, heshima zenu. Kila mradi wa barabara au daraja ukitangazwa huku kwetu magharibi, kuna kipengele kimoja kinacholeta ubishi vijiweni: wataalamu wa mambo ya kale kukagua njia kabla ya ujenzi. Wanatembea kwa mistari macho yakiwa chini, wanachimba vishimo vya majaribio, wanachekecha udongo, wanaandika ripoti. Wengi wanasema ni kutucheleweshea lami. Mimi nasema wapite, tena wapite mapema kuliko wanavyopita sasa.

Chukueni daraja. Njia ya kuvukia mto haichaguliwi ovyo, na waliotutangulia walikuwa na macho kama sisi. Wasafiri wa Ulaya Burton na Speke walivuka mto Malagarasi mwaka 1858 wakielekea Ujiji, Stanley akavuka 1871, na wote walitozwa hongo (yaani ushuru wa kupita, siyo rushwa ya leo) na wakubwa wa Uvinza kabla ya kuingia mtumbwini. (Stanley aliongezea na punda, maana mamba alimchukua mmoja palepale mtoni.) Hao ni walioandika tu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliovuka hapo na pembe za ndovu hawakuandika chochote. Walisubiri zamu ya mtumbwi, wakapiga kambi, wakapika, wakavunja vyungu, wengine wakaugua na kuzikwa kando ya njia. Habari zao zimebaki ardhini tu, na mashine kubwa ikipita mara moja zimekwisha. Wajerumani walipofikisha reli Kigoma mwaka 1914 hakuna aliyeuliza walichofukua. Sasa kuna sheria ya kuuliza, na sisi wenyewe ndio tunalalamika?

Mnaopinga, karibuni. Njooni na hoja.

Mchangiaji, Kasulu

Mkuu, naona uko mjini na lami unayo. Sisi huku tumekua tukisukuma magari kwenye tope. Mjamzito akizidiwa usiku wa masika anapakiwa bodaboda, wawili wanamshikilia. Lori la maharage likikwama, mwenye mzigo analala chini yake hadi jua litoke. Halafu mtu ananiambia tusubiri vigae vya vyungu! Shambani kwangu kila nikiinua jembe naokota vigae. Ni vya bibi zangu, nawajua.

Na kuna jambo linaniuma zaidi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Watu wakapigiwa X ya rangi kwenye nyumba zao. Nyekundu, bomoa mwenyewe bila senti. Kijani, subiri fidia, na kusubiri kwenyewe mnakujua. Kigae kinatembelewa na msomi mwenye brashi, nyumba yangu inatembelewa na kijana mwenye kopo la rangi. Nani wa kale hapo?

Mchangiaji, Uvinza

Ndugu wa Kasulu, la X niko nawe. La vigae sikubali, kwa sababu mimi nakaa juu yake.

Chemchemi za chumvi hapa Uvinza, karibu na mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, zilichimbuliwa na watafiti Sutton na Roberts mwaka 1967. Walikuta mashimo ya kuchemshia maji chumvi, majivu na vigae tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo ikaonekana ilianza kwenye karne ya tano au ya sita. Piga hesabu: kabla Mwarabu hajafika huku, kabla hata ya Kilwa kuwa Kilwa. Watu walikuja kiangazi, maji ya mto yakiwa yamepungua, wakachemsha, wakafunga mizigo, chumvi ikaenda Buha, Burundi na Unyamwezi. Mwanzo wa kazi hiyo haumo katika kitabu cha msafiri yeyote wa Ulaya, kwa sababu ilianza zaidi ya miaka elfu moja kabla yao. Umejulikana kwa vigae hivihivi unavyotupa pembeni na jembe.

Na siyo kwamba kila kigae kisimamishe mradi. Kigae kimoja kilichoviringishwa na mvua hakina habari. Tabaka lililokaa pamoja na mkaa wake linayo, kwa sababu mkaa ndio unaopimwa umri.

Mchangiaji, Tabora

Shikamooni wakubwa. Mnabishana kuhusu kukagua au kutokagua, lakini hamjauliza sheria inalinda nini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Cha baada ya hapo, kwa sehemu kubwa, kinahitaji waziri akitangaze.

Sasa tazameni historia ya Tabora. Vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo dhidi ya Waarabu wa Unyanyembe, hapahapa Tabora, 1871 hadi 1875. Mirambo mwenyewe alifariki 1884. Ngome ya Mtemi Isike, aliyejilipua na baruti Januari 1893 ili Wajerumani wasimshike akiwa hai. Hata Livingstone na Stanley kukutana Ujiji ni 1871. Yote yako upande usiolindwa wa mstari huo! Tembe la Kwihara, nyumba aliyokaa Livingstone karibu na Tabora, na Ujiji vimepata ulinzi kwa kuwa vinajulikana na watalii wanavifuata. Kijiji cha rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, kilichoungua kule Urambo, ambacho hakuna mzungu aliyelala humo, kina nani wa kukisemea? Mkaguzi anaweza kukiona, akaandika "si cha kale kisheria", na greda likapita kwa amani.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji iliwekwa kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, Kwihara ikiwemo. Lakini zilitajwa sehemu sita tu. Katikati ya hizo kuna mamia ya kilomita.

Mchangiaji, Kaliua

Mimi nilikuwa kibarua wa barabara, kampuni siitaji. Njia yenyewe ilikuwa na bango na ripoti, safi kabisa. Ila moramu, ile changarawe ya kujazia barabara, tulikuwa tunaitoa kwenye kilima ndani kule, mbali na barabara. Siku moja kijiko kikaibua mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha chuma, mazito, pamoja na vipande vya mirija ya udongo ya mivuo. Wazee wa pale wakasema ni tanuri za mababu. Msimamizi akaja, akaangalia, akasema mawe ni mawe, pakieni. Yako chini ya lami sasa hivi.

Mleta mada, Kigoma Mjini

Hapo mwenzetu wa Kaliua amegusa penyewe. Tunabishania ukanda wa mita 60, wakati uharibifu mkubwa uko kwenye machimbo ya moramu, machimbo ya kokoto, barabara za mchepuko na kambi za mkandarasi. Mengi ya hayo huamuliwa baadaye, mkandarasi akishafika, na ripoti ilishafungwa zamani.

Ndugu wa Kasulu, hasira yako ni ya haki, ila unamlaumu asiyehusika. Ukaguzi ukifanywa wakati wa upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, haukuli hata siku moja ya kiangazi cha ujenzi. Mhandisi bado ana kalamu, anaweza kusogeza njia kidogo au kuchagua kilima kingine cha moramu. Unaochelewesha ni ule ukaguzi unaokuja vijiti vikishachomekwa na mkandarasi akishalipwa malipo ya awali, kwa sababu hapo kila kusimama mkandarasi anadai alipwe. Benki ya Dunia nayo, katika masharti inayotumia tangu 2018, inataka uwepo utaratibu wa vitu vinavyoibuka ghafla: kazi isimame hapo tu, pazungushiwe, taarifa itolewe, mitambo iendelee kwingine. Msimamizi wa Kaliua alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Labda hakuna aliyemwambia, au aliambiwa akaona ni usumbufu.

Mchangiaji, Kasulu

Sawa mkuu. La moramu nimekubali, kwa sababu mashimo hayo wanatuachia wazi, yanajaa maji na watoto wanazama. La kukagua mapema nalo sina shida nalo.

Lakini nina sharti. Hao wakaguzi wakija kijijini huongea na mwenyekiti, wakapiga picha, wakaondoka, na ripoti inabaki kitabu kinene cha Kiingereza ofisini. Waje kwenye mkutano uleule wa fidia, wasimame mbele yetu, watuonyeshe walichokuta na machimbo yatakuwa wapi, siku ileile tunayoambiwa X ya nani ni ya kijani. Tuulize yote mawili kwa pamoja. Wakikataa hilo, mimi nasimama na katapila.