Ukoo wa Hajji – Harusi ya Zulfa JUMAMOSI

Alhamisi

Shangazi Mariamu 07:12
Asalam alaikum ukoo. Jumamosi tunatoka Mbale saa moja asubuhi. SAA MOJA. Musa mbele na Mjerumani, pikipiki ya marehemu Hajji, magari nyuma, mpaka Kapchorwa. Musa, umeiosha?

Shangazi Mariamu 07:40
Musa

Shangazi Mariamu 08:03
Naona mmesoma watu kumi na moja. Mna mikono?

Rehema 08:31
Waalaikum salaam. Shangazi, pesa yangu ya mchango nilituma kwa simu jana, uliiona?

Musa 09:05
Shangazi, kuosha si shida. Taa nyekundu ya breki imeanza tena. Inawaka, inazima. Jana nimepanda mlima Wanale haikuwaka hata kidogo. Kugeuka tu nianze kushuka, nikashika breki ya mbele, hiyooo. Nikisimama pa tambarare inazima kama haikuwepo.

Shangazi Mariamu 09:06
Na unaniambia leo. Alhamisi.

Yusufu 09:10
Ng'oa balbu, mambo kwisha 😂

Rehema 09:11
Kama Hamisi na mita ya umeme Tororo 😂😂

Yusufu 09:11
Usimtaje ataamka

Mjomba Juma Busia 09:48
Musa usiongeze mafuta ya breki kwanza! Hiyo ni ya 1976, kikopo cha mafuta ya breki kiko chini ya tangi, masta, yaani pampu ya breki, inavutwa na kebo kutoka kwenye mkono. Ndani ya kikopo kuna kielea. Mafuta yakipungua kinashuka na taa inawaka. Yakiwa karibu na alama ya chini, ukiinama mbele kwenye mteremko yanakimbilia upande mmoja. Ndiyo maana pa tambarare inazima. Swali ni yameenda wapi. Angalia padi zinazobana diski. Padi ikiisha, pistoni inayoisukuma inatoka nje na mafuta yanaifuata, kikopo kinashuka bila tone kuvuja. Ukijaza leo halafu kesho ukaweka padi mpya, pistoni inarudishwa ndani, yanafurika. Na hayo yanakula rangi.

Shangazi Mariamu 09:50
Ahsante Juma. Magari ni manne au matano? Wa Busia mnakuja na la kwenu?

Shangazi Mariamu 10:32
Nimeuliza magari

Yusufu 10:40
Mimi nakuja na njaa tu

Musa 12:17
Nimetoa tangi. Mjomba, nimechomoa waya za kielea kwanza, nikawasha swichi, nikatikisa usukani huku na huku, taa kimya. Kwa hiyo waya haijachubuka kugusa fremu. Padi zimebaki nyembamba kama ukucha.

Mjomba Juma Busia 12:20
Vizuri. Kavu huko chini ya masta?

Musa 12:24
Kavu. Lakini mafuta yenyewe ni meusi, na yananuka gia.

Mjomba Juma Busia 12:24
Gia??

Musa 12:25
Gia kabisa. Na nikiachia mkono wa breki, gurudumu la mbele linachelewa kuachia. Nimelizungusha kwa mkono, zito.

Mjomba Juma Busia 12:31
Basi mipira ya kuziba mafuta ndani ya masta imevimba. Mafuta ya gia yanavimbisha mipira ya breki. Ikivimba inaziba kitundu cha kurudishia mafuta kwenye masta, padi zinabaki zimebana diski, zinapika. Kwenye mteremko mrefu mafuta yanachemka, unashika mkono unakuta hewa. Nani aliweka hicho kitu?

Rehema 12:33
Pikipiki ilikaa Tororo kwa nani?

Yusufu 12:33
😶

Shangazi Mariamu 12:35
Tusianze. Musa, mwaga hayo, weka mapya, Jumamosi unaendesha polepole.

Mjomba Juma Busia 12:41
Dada, kumwaga hakutoshi. Ni kubadilisha mipira ya masta na ya kalipa inayoshika padi, kuosha bomba lote, ndipo uweke mafuta ya breki ya DOT 4. DOT 4 hata stesheni ya petroli utapata. Mipira ya Mjerumani utaipata wapi kabla ya Jumamosi?

Hamisi 15:58
Nimeona naitwa. Mimi niliitunza hiyo pikipiki wakati nyinyi mnataka kuiuza. Nilipewa mafuta na fundi nikaweka. Na mbona ile laki nane hakuna anayeitaja?

Rehema 15:59
_Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Mariamu 16:00
HAMISI SI HAPA. Ni harusi ya mtoto.

Hamisi 16:02
Mmeanza nyinyi

Yusufu 16:04
Banange. Narudia wazo langu la balbu

Baba Mkubwa 18:46
Nimesoma yote. Hajji alikuwa anasimama juu ya Sipi kila mara, anashuka, anashika breki kwa mkono wake kabla ya kuteremka. Hata mvua. Mjerumani hatoki na taa hiyo. Asiniulize mtu tena. Hamisi, nipigie leo, si kesho.

Musa 18:47
Sawa Baba Mkubwa.

Mjomba Juma Busia 18:49
Sawa kaka.

Rehema 18:49
Sawa Baba Mkubwa 🙏

Shangazi Mariamu 19:20
Sawa kaka. Lakini nimeshawaambia wakwe kwamba Mjerumani anaongoza. Tuipakie kwenye pikapu, wapige picha nayo kule. Nani ana pikapu?

Shangazi Mariamu 19:55
Pikapu

Yusufu 20:01
Boda tano na maua, shangazi. Nafuu kuliko pikapu

Hamisi 21:13
Nimeongea na mzee. Musa, mipira ya masta ninayo mipya, iko kwenye karatasi yake. Ilikuwa ndani ya sanduku la spana la Hajji.

Musa 21:13
Lile sanduku liko KWAKO?

Rehema 21:14
Subhanallah

Mjomba Juma Busia 21:20
Mipya ya mwaka gani hiyo? Mpira ukikaa sana nao unakauka. Piga picha.

Shangazi Mariamu 21:22
Habari za sanduku baada ya harusi. Wa pikapu ajibu kabla sijalala. Na Rehema, yako sijaiona, ulituma kwa namba ipi?