Chati ya nyimbo redioni: ihesabu nini?

Mleta mada, Mtwara: Wadau, redio ya taifa ikiwa na kipindi cha nyimbo zinazoongoza kila wiki, ihesabu nini? Mimi nasema ihesabu nyimbo zinavyopigwa na redio zote, hata hizi ndogo za kwetu Kusini, na hesabu yenyewe ibandikwe hadharani. Vinginevyo ni mapenzi ya mtangazaji tu.

Waingereza walianza na maduka. Novemba 1952 gazeti la New Musical Express lilipiga simu kwenye maduka ya santuri kuuliza kimeuzwa nini, na namba moja ya kwanza akawa mwimbaji Al Martino. BBC Radio 1, iliyoanza 1967, ikaja kuifanya orodha hiyo shughuli ya Jumapili. 1978 ikawa nyimbo 40. Mwaka 2014 wakaingiza usikilizaji wa mtandaoni: wakati huo mara 100 zilihesabiwa kama nakala moja. 2015 kipindi kikahamia Ijumaa. Kanuni ilibadilika, lakini ilitangazwa.

Sisi tungempigia nani simu? Bendi za dansi zilirekodi palepale Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio hiyohiyo ndiyo ikarusha. Santuri zilipelekwa kuchapwa Kenya. Msikilizaji alibaki na kadi ya posta ya kuiandikia redio. Na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 kwenye Mto Rufiji, masika ikikata barabara ya huko, kadi ya Newala ifike Dar lini?

Mdau wa Lindi: Kaka, hapo umechagua kipimo kibovu kuliko vyote. Kupigwa redioni kunanunuliwa! Marekani walishughulika na hongo za hivyo mpaka Alan Freed, mtangazaji mkubwa, akapoteza kazi 1959. Bora YouTube, namba kila mtu anaiona.

Mdau wa Tandahimba: YouTube ya bando la nani? Korosho ikilipwa, vijana huku wanaangalia video usiku kucha. Ikifika Machi wanarudi kwenye memori kadi ya bodaboda. Chati yako itapanda na kushuka na mnada wa korosho, halafu mtasema wimbo umechuja. Harmonize ni mtoto wa Mtwara, lakini hata yeye huku anasikilizwa zaidi kwenye spika ya duka kuliko kwenye simu.

Mleta mada: Wa Lindi, hongo ipo, sibishi. Ndiyo maana nataka redio nyingi zihesabiwe. Kuhonga kituo kimoja Dar ni rahisi; kuhonga vya Masasi, Nachingwea na Kigoma kwa wiki moja, hiyo hela ya promo anatoa nani?

Mzee wa Masasi: Wanangu, mnabishania mizani wakati mimi sitaki hata gulio lenyewe. Redio ya zamani ilikupa dansi, taarabu na ngoma za asili siku moja. Chati inataka wimbo uleule kila saa.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Sasa sindimba, ngoma ya Wamakonde, iingie kwenye kinyang'anyiro au itengewe kipindi?

Mzee wa Masasi: Marahaba. Itengewe kipindi. Na msituwekee saa kumi alfajiri.