Tunu za ofisini zimfunge nani kwanza?

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita ofisi yetu (jina silitaji) ilitupeleka nje ya mji siku mbili tukatengeneze "tunu za msingi". Tumerudi na fulana: uadilifu, uwajibikaji, ushirikiano, heshima. Jumatatu bosi kamfokea mhudumu mbele ya wateja, naye kavaa fulana hiyo hiyo, "heshima" iko mgongoni. Sasa tunaambiwa tunu zitaingia kwenye tathmini ya mwaka. Yetu sisi, si yake.

Je, mwajiri ana haki ya kutupima kwa tunu ambazo yeye hakuna anayempima nazo? Mimi nasema hana.

Msinitolee mfano wa Enron, kampuni ya nishati kule Marekani, iliyojinadi kwa heshima na uadilifu hadi ikafilisika Desemba 2001 huku vitabu vya hesabu vimepikwa. Huo kila mwezeshaji anao. Tuna wetu. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi ujeuri na dharau kwa anaowaongoza. Wafanyakazi wakaushika kwelikweli. Migomo ikazuka viwandani, na mara nyingi hoja haikuwa mshahara, ilikuwa kutukanwa na kunyanyaswa na mameneja. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, waliwafungia wenye kiwanda nje wakaendesha kazi wenyewe. Tunu zilipoanza kupanda ngazi kwenda juu, wakubwa wakashtuka, na kuna wafanyakazi waliopoteza kazi.

#2
Mkuu, umewaonea mabosi. Nina gereji, mafundi saba. Kabla hatujakubaliana lolote kila mtu alikuwa na dini yake: mmoja anafunga spea kuukuu kwa bei ya mpya, anaita ujanja wa mjini. Tulikaa chini ya mwembe, hakuna mwezeshaji wala posho. Tukatoka na jambo moja: spea iliyotolewa mteja anakabidhiwa mkononi, aione. Neno "uadilifu" hatukulitaja kabisa.

#3
Huku Kenya tunu ziko kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 10, na zinamfunga afisa wa umma hata awe mkubwa vipi. Watu wameenda kortini kwamba umma haukushirikishwa, wakashinda. Hiyo fulana yenu utaipeleka korti gani?

#4
Kwetu "ushirikiano" maana yake njoo Jumamosi bure.

Mleta mada
#4, hapo wala usihangaike na tunu. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Dai hilo.

#3, umenigusa. Ndiyo maana nataka angalau fomu ya tathmini ya bosi ijazwe na sisi, bila majina.

#2, mwembe nimeupenda. Ila wewe mwenyewe ukiivunja ile ya spea, fundi afanye nini?

#2
Ilishatokea. Nilikuwa na haraka, mteja kaondoka bila pampu yake ya zamani. Kijana wa kupiga rangi akanikumbusha kwa sauti, watu wamejaa. Nilinuna siku mbili. Pampu nilimpelekea mteja mwenyewe, kwa bodaboda, na nauli nililipa mimi.